Kioo Kidogo cha Kijani: Uchambuzi wa Kisa cha Kutazama Jua kwa Darubini Katika Shule Moja ya Sekondari Mkoani Mtwara

Kisa hiki kilitokea mwezi Agosti katika shule ya sekondari ya kutwa iliyo ukanda wa pwani wa mkoa wa Mtwara. Jina la shule na majina ya waliohusika yameondolewa, na walimu wawili waliotajwa wamesoma maandishi haya na kuridhia yatumike kufundishia wengine wanaotaka kuwaonyesha wanafunzi Jua kwa darubini. Mpangilio wa matukio umeachwa kama ulivyokuwa, ikiwa ni pamoja na sehemu ambazo mimi mwenyewe nilikosea.

Usuli

Shule ilikuwa na darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 80 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye lenzi hadi mahali mwanga unapokutana) wa milimita 900, iliyoachwa na mgeni miaka kadhaa kabla ya kisa hiki na kubaki katika kabati la maabara, ikitolewa mara moja moja kuangalia Mwezi. Mwalimu wa Fizikia, ambaye nitamwita Mwalimu A, alikuwa anakaribia kufundisha elimu ya anga kwa kidato cha nne, akanialika mimi, mjitoleaji ninayezunguka na vifaa vya elimu hiyo, nije niisaidie klabu ya sayansi kutazama madoa ya Jua. Wakati ulikuwa mzuri. Jua hupitia mzunguko wa takriban miaka 11 ambamo madoa yake huongezeka na kupungua, na tulikuwa katika kipindi cha kilele, ambapo siku isiyo na doa lolote usoni mwa Jua ni nadra.

Wanafunzi waliojiandikisha walikuwa 58. Wengi wao walikwisha kusikia habari za kupatwa kwa Jua kwa tarehe 1 Septemba 2016, siku ambayo Jua lilionekana kama pete kusini mwa Tanzania na watu wakafurika Rujewa, mkoani Mbeya, kulishuhudia. Kwa hiyo onyo la kutolikodolea Jua macho makavu halikuwa geni kwao. Walilijua pia kosa la kutazama kupitia picha ya eksirei, santuri za kompyuta au beseni la maji, kwa sababu kila mmoja alikuwa na ndugu aliyewahi kufanya hivyo na kusema hakudhurika. Naitaja hali hii mapema kwa kuwa kisa hiki hakikutokana na watu kutojua kwamba Jua huumiza macho.

Maandalizi na sababu zake

Nilifika saa mbili asubuhi nikiwa na kipande cha filamu ya kuchujia mwanga wa Jua, ya aina inayopitisha sehemu 1 tu kati ya 100,000 ya mwanga unaoifikia. Pakiti yake iliandikwa ukolezi wa 5.0, yaani kipimo cha jinsi filamu inavyozuia mwanga, na niliihakiki kwa sababu watengenezaji huuza pia filamu ya ukolezi wa 3.8 iliyokusudiwa kamera peke yake, ambayo kwa macho inafanana sana na ya kwanza lakini hupitisha mwanga mara 16 hivi zaidi. Anayekata vipande na kuvigawa bila pakiti zake huwa amepoteza tofauti hiyo.

Mimi na Mwalimu A tulitengeneza mfuniko wa mbele ya darubini kwa boksi na karatasi ya manila, tukauzungushia ndani vipande vya sponji ya kandambili ili ubane, kisha tukaufunga kwenye mwili wa darubini kwa tepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi. Tepu ya kitambaa, ambayo ndiyo niliyoizoea, nilikuwa nimeisahau nyumbani. Tuliielekeza darubini chini tukaitikisa, mfuniko haukusogea, tukaridhika.

Darubini ndogo ya kulengea tuliing'oa kabisa kwa bisibisi na kuiweka mfukoni mwangu. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi hufunika darubini kubwa wakaiacha ile ndogo wazi ubavuni, na mtoto anayesubiri zamu huanza kuchungulia huko. Jua tulililenga kwa kivuli: mtu huizungusha darubini huku akitazama kivuli chake ardhini, na kivuli cha bomba kinapokuwa kifupi kuliko vyote na kugeuka duara, Jua huwa limeingia au limekaribia kuingia.

Ndani ya sanduku la darubini kulikuwa na lenzi za jicho mbili, yaani zile mtu anazochungulia, kioo cha kupindishia mwanga, na kioo kingine kidogo cha kijani kilichoiva hadi kukaribia weusi, kikiwa katika pete ya chuma yenye nyuzi za kufungia kwenye kitako cha lenzi ya jicho. Pete ilichorwa neno la Kiingereza lenye maana ya Jua. Nilikitambua mara moja. Ni machujio ya zamani yaliyouzwa pamoja na darubini ndogo kwa miaka mingi, na yana sifa mbaya ya kupasuka yakiwa kazini. Nilimwambia mtunza maabara, "Hiki tusikitumie," akaitikia, nami nikakirudisha mahali pake ndani ya sanduku. Nitarudi kwenye mkono ule uliokirudisha.

Kabla ya kuanza, niliwakusanya wanafunzi na walimu wawili chini ya mwembe nikawaeleza kanuni. Sentensi niliyoirudia mara tatu, na ambayo wanafunzi waliipokea kwa pamoja kama kiitikio, ilikuwa: "Darubini isielekezwe kwenye Jua bila chujio." Wakati ule niliona nimesema vizuri.

Yaliyotokea

Tulianza saa nne kasoro dakika chache. Kiranja wa klabu aliketi kwenye kiti na orodha ya majina, akimwekea alama kila anayetazama, kwa lengo la kuzuia watu kurudia foleni kabla wengine hawajapata nafasi. Mimi nilisimama upande wa lenzi ya jicho, Mwalimu A akasimama mbele karibu na mfuniko. Wanafunzi 19 walipita hivyo bila tatizo. Waliona duara jeupe lenye makundi matatu ya madoa, na kubwa kati ya hayo lilikuwa na kiini cheusi kilichozungukwa na ukingo wa kijivu. Mvulana mmoja aliuliza kama doa lile ni shimo, nikamjibu kuwa ni sehemu ya uso wa Jua iliyo na joto pungufu, takriban nyuzi 3,500 hadi 4,000 ilhali uso unaoizunguka una nyuzi 5,500 hivi, na kwamba kama tungeweza kuling'oa doa hilo na kulitundika peke yake angani lingeng'aa vikali. Hakushawishika, na nilipenda kwamba hakushawishika.

Saa nne na nusu hivi mkuu wa shule alituma mtu kuniita ofisini, kwa kuwa alikuwa amefikiwa na mgeni aliyetaka kusalimiana na sisi. Mwalimu A naye aliitwa. Kukataa kungeonekana ukosefu wa adabu, na foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo tulimwachia darubini Mwalimu B, mwalimu wa Hisabati ambaye alikuwa amesikiliza maelezo yote na kutazama mwenyewe mara mbili. Nilimwonyesha jinsi ya kulirudisha Jua katikati. Hilo lilikuwa la lazima, kwa kuwa Jua husogea angani upana wake mzima kwa takriban dakika 2, na kwa ukuzaji wa mara 45 tuliokuwa tukiutumia lilianza kukatwa na ukingo wa duara kabla ya dakika moja kuisha. Nilimwambia asiondoke. Nilimwambia pia kwamba asimruhusu mtu kugusa mfuniko. Kisha tukaenda kunywa chai.

Watu wa pwani ya kusini wanaufahamu upepo wa kusi wa Agosti. Asubuhi huwa mpole, kisha jua likipanda huanza kuja kwa mikupuo, ukitulia kidogo na kuvuma tena. Yapata dakika 10 baada ya sisi kuondoka, mkupuo mmoja uliingia kwa ubavu chini ya ukingo wa mfuniko. Tepu ya karatasi ilikuwa imepigwa na jua kwa saa nzima na gundi yake imelainika. Mfuniko ukaruka, ukabingirika hadi kwenye ua wa michongoma. Mwanafunzi aliyekuwa mbele ya foleni hakuwa ameweka jicho.

Mwalimu B alifanya mambo mawili sahihi mfululizo. Kwanza aliigeuza darubini kuielekeza ukutani. Pili aliufuata mfuniko, akaunyanyua kuelekea angani na kuona kwamba mwiba umeichana filamu kwa mpasuko unaokaribia urefu wa punje ya mchele, akatamka mbele ya wanafunzi kuwa chujio lililochanika halifai tena. Wengi wangeliziba kwa tepu na kuendelea.

Kisha akafungua sanduku kuona kama kuna chujio la akiba, akakikuta kioo cha kijani, akasoma maandishi yake. Mtunza maabara hakuwapo, alikuwa amekwenda kuandaa vifaa vya kipindi kinachofuata. Mwalimu B alikifunga kioo kwenye kitako cha lenzi ya jicho, kikaingia sawasawa kwa kuwa kilitengenezwa kwa ajili ya lenzi ileile, akalenga Jua kwa kivuli, na kwa uungwana akatazama yeye kwanza kabla ya kumruhusu mtoto wa mtu. Aliona Jua la kijani, tulivu, madoa yake yakionekana wazi. Aliniambia baadaye kwamba alifikiri lilionekana vizuri kuliko lile la mwanzo, na kwamba alijiuliza kwa nini hatukuanza nalo.

Wanafunzi 11 walitazama kupitia kioo hicho kwa muda wa dakika 7 au 8. Wa kumi na mbili alikuwa binti wa kidato cha tatu. Alikuwa amekwisha kuinama pale upepo ulipomfunika uso kwa ncha ya ushungi wake, akajiinua kuurudisha nyuma ya bega. Ukasikika mlio mfupi, tak, kama wa kokoto iliyodondoka juu ya bati. Kwenye ushungi mweupe, karibu na mfupa wa bega, likatokea doa la mwanga ambalo wanafunzi walilieleza kuwa jeupe kupita weupe wa kitambaa chenyewe. Binti alijivuta kwa sababu ya moto alioupata begani. Kilichobaki pale ni alama ya kahawia isiyofikia ukubwa wa punje ya mtama.

Tulirudi tukiwa na biskuti mkononi.

Maamuzi ya saa zilizofuata

Jambo la kwanza lilikuwa kuifunika darubini kwa kifuniko chake cha plastiki na kuiingiza ndani. Nilipoifungua nilikuta kioo cha kijani kimepasuka kwa mistari miwili, na kipande chenye umbo la pembetatu kimebanduka na kudondokea juu ya kioo cha kupindishia mwanga, yaani mwanga ulikuwa na dirisha la wazi la kupitia hadi kwenye lenzi ya jicho. Pete ya chuma ilikuwa bado ya moto kiasi cha kutoshikika.

La pili lilikuwa kujua nani alitazama nini. Hapa orodha ya kiranja, iliyobuniwa ili watu wasiibe zamu, ilitupatia majina 11 kwa mpangilio, tukaongeza jina la Mwalimu B. Bila orodha hiyo tungelazimika kuwahoji wanafunzi 58, nao wangejibu kwa hofu.

La tatu lilizua mabishano. Mwalimu mmoja mwenye dhamana ya taaluma aliona kuwa wazazi wasiambiwe kitu kabla ya dalili yoyote kuonekana, kwa hoja kwamba kufikia jioni mji mzima utakuwa unasema shule imepofusha watoto. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mimi na Mwalimu A tulishikilia kinyume chake kwa sababu ya jinsi madhara haya yanavyojitokeza: retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina mishipa ya kuhisi maumivu, na mtu aliyeunguzwa na Jua kwa kawaida huondoka akijiona mzima, kisha huanza kuona ukungu au doa katikati ya anachokitazama baada ya saa kadhaa, mara nyingi asubuhi ya pili. Shule ya kutwa ingekuwa imekwisha kuwatawanya. Mkuu wa shule aliamua wazazi waambiwe, na kwamba waambiwe kwa maneno ya kawaida: mtoto ametazama Jua kwa chujio lisilofaa, hatujaona dhara, tunaomba mumwangalie na mtujulishe.

Njia ya kuwapima tuliichukua kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Katikati ya ukurasa tuliweka nukta nyeusi kwa kalamu ya wino, mwanafunzi akafunika jicho moja kwa kiganja, akaikodolea nukta kwa umbali wa kusomea, akaeleza kama mistari inayoizunguka imepinda, imefifia au imekosekana mahali fulani, kisha akabadilisha jicho. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya mtaalamu wa macho. Faida yake ni kwamba mtoto anaweza kukirudia nyumbani kwa mwanga wa koroboi, na kwamba humlazimisha kupima kila jicho peke yake, maana mtu mwenye macho mawili wazi anaweza kuishi na doa katika jicho moja kwa muda mrefu asilitambue.

Walipimwa papo hapo, wakapewa kila mmoja ukurasa wake. Jioni wazazi tisa walipigiwa simu. Wawili hawakupatikana, na mmoja kati yao alikuwa shambani mbali na mtandao, kwa hiyo Mwalimu A alikodi bodaboda akamfuata.

Matokeo

Asubuhi iliyofuata wanafunzi 10 na Mwalimu B walikuwa salama kwa kipimo cha miraba. Mvulana mmoja alikuja na macho mekundu yanayotiririka machozi, na kwa nusu saa hivi hakuna aliyeweza kumeza mate. Alipopelekwa hospitali, mhudumu wa kitengo cha macho alimuuliza swali ambalo sisi tulipaswa kumuuliza: alfajiri alikuwa wapi? Alikuwa akimsaidia baba yake kupuliza salfa kwenye mikorosho, kama watoto wengi wa mkoa huo wafanyavyo msimu huo. Unga wa salfa huwasha sehemu ya juu ya jicho, hulifanya jekundu na kulitoa machozi. Dhara la Jua kwenye retina halina wekundu wala muwasho. Jicho huonekana zuri kwa nje, na tatizo liko katikati ya kuona. Retina zake zilichunguzwa zikakutwa hazina tatizo, akapewa maelekezo ya kusafisha macho.

Wote 12 walipimwa tena baada ya siku 7, na wanane kati yao, pamoja na mwalimu, walichunguzwa hospitali. Hakuna dhara lililoonekana. Binti wa ushungi aliponea kwa mkupuo wa upepo, na sitaki mpangilio wetu wa siku ile upewe sifa kwa hilo.

Uchambuzi

Tukianza na kioo chenyewe. Lenzi ya milimita 80, Jua likiwa limepanda katika anga safi, hukusanya takriban wati 5 za nishati. Kiwango hicho kinasikika kidogo hadi mtu akumbuke kwamba darubini hukibana chote katika taswira ya Jua yenye upana wa milimita 8.4 kwenye fokasi, yaani mwanga uliokolezwa takriban mara 90. Chujio la mbele hukutana na mwanga kabla haujabanwa, likiwa na joto lilelile la bati la paa au boneti ya gari, na upepo ukilipooza. Kioo kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho hukaa karibu kabisa na fokasi, hupokea zile wati zote katikati ya kipande chenye ukubwa wa shilingi, huku kingo zake, zilizoshikwa na chuma, zikibaki na joto pungufu. Katikati hutanuka, kingo hukataa, kioo hupasuka. Hakitoi dalili kabla, wala hakipewi nafasi ya kupoa kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine, kwa kuwa darubini hubaki imelielekea Jua muda wote.

Kwa hiyo Jua la kijani alilolisifu Mwalimu B lilikuwa salama kwa maana moja tu, kwamba kioo kikiwa kizima hupunguza mwanga vya kutosha kutazamika. Jaribio lake la kutazama kwanza lilijibu swali la weusi wa kioo. Swali la uvumilivu wake lilikuwa likijibiwa polepole ndani ya pete, mahali ambapo hapana mtu wa kulisikia.

Sasa kanuni yangu. "Darubini isielekezwe kwenye Jua bila chujio." Mwalimu B hakuivunja. Aliifuata kwa uaminifu: chujio la kwanza lilipoharibika alilikataa, akatafuta jingine, akalipata kwenye sanduku rasmi la darubini likiwa limeandikwa kazi yake. Sentensi yangu ilisema pawepo chujio na haikusema liwe wapi, na hatari yote ya siku ile iliingia kupitia ufa huo wa maneno. Nilikuwa na elimu ya mahali pa chujio kichwani mwangu tangu zamani kiasi kwamba niliiona imo ndani ya neno lenyewe. Kwa mwalimu wa Hisabati aliyeshika darubini kwa mara ya kwanza, neno chujio lilikuwa na maana ileile liliyo nayo jikoni: kitu unachokiweka popote kati ya chai na kikombe.

Mkasa huohuo unaweza kuingia kwa mlango mwingine. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa Jua, hata ile iliyokidhi kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2, imetengenezwa kwa jicho lisilo na darubini. Mtu akiivaa na kuchungulia kwenye darubini iliyo wazi atakuwa ameweka chujio nyuma ya lenzi, na mwanga uliobanwa utaichoma. Mwanafunzi aliyekariri sentensi yangu angeweza kufanya hivyo pia kwa dhamiri safi.

Kosa langu la pili ni kukirudisha kioo sandukuni. Nilimwambia mtu mmoja kwamba kisitumike, na mtu huyo akawa na kazi nyingine. Kitu kinachofaa kutupwa kikirudishwa mahali pa vitu vinavyofaa kutumika, hupata tena heshima ya mahali pale, hasa kikiwa na maandishi ya kiwandani. Ningekitia mfukoni pamoja na darubini ya kulengea, kisa hiki kisingekuwapo. Ninajua sababu ya kutofanya hivyo: darubini haikuwa yangu, na niliona haya kuharibu mali ya shule mbele ya mtunza maabara.

Tepu ni kosa dogo lakini linafundisha. Tuliujaribu mfuniko kwa kuutikisa, yaani dhidi ya uzito wake, ilhali adui wa siku ile alikuwa upepo wa ubavuni na jua linalolainisha gundi. Jaribio lilipaswa kuiga Agosti ya pwani: kuuacha juani nusu saa, kisha kuuvuta kwa kucha kutoka chini ya ukingo.

Kuhusu makabidhiano, nimeulizwa mara kadhaa kama haikuwa sahihi tu kusimamisha shughuli tulipoitwa ofisini. Ndiyo, ilikuwa sahihi. Hata hivyo naona jibu hilo halimalizi mambo, kwa sababu mialiko ya namna ile haitaisha mashuleni, na mjitoleaji atakayekwenda akiamini kwamba hataitwa anajidanganya. Tulikuwa wawili tukiigawana darubini, mmoja mbele na mmoja nyuma, tukamwachia mtu mmoja kazi ya wawili. Mwenye kutazama kivuli na kurekebisha lenzi ya jicho hawezi wakati huohuo kuulinda mfuniko ulio karibu mita moja mbele yake. Mwalimu B alikuwa pia na foleni ya wanafunzi 39 wanaomtazama, kengele ya kipindi ikikaribia, na tayari amewatangazia kwamba chujio limeharibika. Kusema "basi, tumefunga" kungekuwa rahisi zaidi kama tungekuwa tumempa kitu kingine cha kuwaonyesha.

Kitu hicho kilikuwapo palepale tulipokuwa tumesimama. Miviringo ya mwanga iliyotapakaa chini ya mwembe ni taswira za Jua zilizopitia mianya ya majani. Katika darasa moja la shule ile kuna tundu la msumari kwenye bati, na mwanga wake hushuka zaidi ya mita 3 na kuchora sakafuni duara la karibu sentimita 3, ambalo ni Jua lenyewe, kwani upana wa taswira ya namna hiyo ni takriban sehemu 1 ya 108 ya umbali kutoka kwenye tundu. Madoa madogo hayaonekani hivyo, lakini duara husogea kwa macho, na darasa zima linaweza kulizunguka bila mtu yeyote kulitazama Jua.

Yaliyofanya kazi yalikuwa machache na nayataja kwa ufupi: darubini ya kulengea iliyong'olewa, kulenga kwa kivuli, orodha ya kiranja, na uamuzi wa mkuu wa shule wa kuwaambia wazazi siku ileile. Uvumi ulikuwapo, lakini ulikuta wazazi wanajua zaidi yake.

Kilichobadilika

Wiki tatu baadaye tulirudia zoezi. Mfuniko mpya ulikatwa kutoka kwenye kopo la rangi, ukafungwa kwa skrubu tatu za plastiki na kamba ya katani iliyofungwa kwenye mwili wa darubini, ili hata ukivuka skrubu usifike mbali. Darubini ilisimikwa baina ya majengo mawili yanayokinga kusi. Kanuni iliandikwa upya ubaoni na Mwalimu B mwenyewe: "Chujio liwe mbele ya darubini, kabla mwanga haujaingia. Aliye mbele akiondoka, darubini inageuzwa ukutani." Kwa kila mwanafunzi, aliye mbele aligusa mfuniko na kusema "upo" kabla aliye nyuma hajaruhusu jicho kusogea. Ilichosha. Kufikia mwanafunzi wa arobaini sauti ya Mwalimu A ilikuwa imekauka.

Vipande vya kioo cha kijani vimebandikwa kwenye ubao wa maabara pamoja na pete yake na tarehe.

Binti wa kidato cha tatu alitazama kwa muda mrefu kuliko wengine, kisha akaketi kuchora. Aliuliza magharibi ni upande upi ndani ya darubini, akaambiwa aliache Jua lisogee bila kuigusa darubini na aone upande linakopotelea, kwani huko ndiko magharibi. Akaweka mshale, akachora duara, akaweka makundi mawili ya madoa karibu na ukingo wa mashariki. Siku ya tano aliyachora tena, yamekwisha kusogea hadi kukaribia katikati. Michoro yote miwili ipo nyuma ya ukurasa wa miraba wenye nukta ya wino, ambao alijichorea mwenyewe baada ya kuona wenzake wakipewa.